Mwisho wa Riwaya ya Noeli

Mama yangu alikuwa fundi wa kushona, na Desemba ndio ulikuwa mwezi wake. Chumba chetu cha mbele, kule mtaa wa Saio, kilijaa vikwembe, yaani vitenge, vya wanawake waliotaka nguo mpya ya Noeli. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi yangu ikawa kupiga pasi na kushona vifungo. Niliifanya vibaya, kwa sababu mkono mmoja ulishika kitabu.

Vitabu hivyo vilitoka kwa jirani aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwa mzungu mmoja. Mzungu aliporudi kwao alimwachia katoni nzima ya riwaya za Kifaransa, zote za mapenzi, zote za Noeli: theluji kwenye jalada, dirisha lenye taa, mwanamume mwenye koti refu. Jirani alitaka kuwashia moto. Nikamwomba anipe.

"Weye, pasi inaunguza kikwembe ya mutu!" Mama alinipigia kelele siku moja. "Iko nini mu ile kitabu?"

Badala ya kuomba radhi, nilimsimulia. Mjane mmoja, muuguzi, amekwama kwenye stesheni ya treni siku moja kabla ya Noeli, theluji imeziba njia. Kwenye benchi alilokalia ameketi pia mwanamume aliyewahi kumposa zamani, mjane akamkataa. Mama aliondoa mguu kwenye mashine.

"Halafu?"

Tangu hapo nikawa nasoma kwa sauti kila mchana. Macho yalisoma Kifaransa, mdomo ukatoa Kiswahili chetu. Wateja waliokuja kupimwa walibaki. Waliokwisha kupimwa walirudi, eti mkono wa gauni unabana.

Vita ya makabila yetu ilikuwa imetulia, lakini nani aliamini? Nyuma ya mlango wetu mfuko wa nguo ulikaa umefungwa, tayari kwa kukimbia, kama kwa kila jirani. Wanawake wawili kati ya wasikilizaji wangu walikuwa wamezika watu wao katika vita ileile, kila mmoja kwa upande wake. Mmoja alikaa karibu na mlango, mwingine chini ya dirisha, na salamu haikupita kati yao. Mama aliwashonea wote kwa uzi uleule, hakuwauliza kitu.

"Hiyo theluji iko sawa nini?" aliuliza yule wa mlangoni.

Mama alizaliwa upande wa Beni, na swali hilo alikuwa na jibu lake. "Mi niliionaka kwa mbali, juu ya Ruwenzori. Iko nyeupe sawa unga ya muhogo."

"Yetu ni vumbi," alisema yule wa dirishani. "Nayo inafunga njia."

"Kweli kabisa," alijibu wa mlangoni. Lilikuwa neno la kwanza kumwelekezea.

Siku ya sura ya mwisho chumba kilijaa. Hata mwalimu mmoja wa Kifaransa, aliyekuja kujaribu koti lake, aliketi. Nikafungua kitabu, nikasoma mwanzo wa sura, halafu nikakuta kurasa za mwisho zimenyofolewa. Bila shaka jirani alikuwa amewasha nazo moto kabla sijamwomba.

Niliwatazama wale mama. Kisha nikakodolea jalada tupu macho, nikaendelea "kusoma". Mwanamume akamposa mara ya pili. Mjane hakujibu haraka. Alimuuliza kwanza miaka yote hiyo ameipitaje, na amezika nani. Mwanamume akamwambia. Naye akamtajia wa kwake, mmoja mmoja. Treni ikaja, ikaondoka bila wao. Kulipokucha, Noeli yenyewe, akasema ndiyo.

Yule wa dirishani alijipangusa uso kwa gauni ambalo halijamalizika.

"Alifanya vizuri kumuuliza kwanza," akasema yule wa mlangoni.

Mwalimu alinyoosha mkono. "Leta nione." Akapitia mwanzo wa sura, akafika mwisho. "Mbona kurasa za mwisho haziko?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mama alisimama, kipimo kikining'inia shingoni. "Mwalimu, unasema mutoto wangu alitunga ile yote? Hapa hapa?"

"Alitunga, mama. Na ya mbele nimeilinganisha na kitabu. Alitafsiri vizuri sana."

Mama aliwageukia watu. "Basi muone! Wazungu waliniletea kitabu bila mukia, mutoto wangu akaiwekea!"

Walicheka, wakapiga makofi, na mimi nikasimama kati ya vile vikwembe nimenyoosha mgongo. Siku nilipopata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari sikujisikia hivyo.

Siwezi kusema wale wanawake wawili walipatana. Ila jioni ile waliondoka pamoja, na niliwaona wakitembea polepole hadi njia panda ya kwenda mtaa wa Bigo, bado wakibishana kama mjane angepaswa kusubiri zaidi.

Mwaka uliofuata niliandika riwaya yangu ya kwanza ya Noeli katika kaye, daftari langu la shule, kwa Kiswahili. Ilihusu mwanamke muuza maharage anayetoka Irumu, mvua imekata barabara. Mama, ambaye Kifaransa chake kiliishia kwenye bonjour, aliisoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, siku tatu, mashine imefunikwa. Kila mteja aliyeulizia nguo yake alipata jibu moja:

"Ngojea. Niko nasoma kitabu ya mutoto wangu."