Siku Baba Alipompisha Chui

Fundi seremala wa jirani yangu hapa Shirimatunda akianza kupasua mbao kwa msumeno wa mkono, mimi huacha chochote ninachofanya na kusikiliza. Wanangu hunicheka. Hawajui kwamba sauti ile ya msumeno, unaokwenda na kurudi kwenye ubao mkavu, ndiyo sauti ya chui. Simba ananguruma, hilo kila mtu analijua. Chui anakereza, pumzi ndani, pumzi nje, halafu kimya.

Nilikulia Mwika, kule juu ambako migomba na mibuni inaishia na msitu unaanza. Chui alikuwa jirani yetu, ila hakuwa wa kutembeleana. Miaka ilipita hujamwona. Ulichokiona ni mikwaruzo kwenye gome la mti, wayo wa mviringo kwenye tope la mfereji, na mbwa waliopotea mmoja baada ya mwingine, maana kwa nyama ya mbwa chui halazi damu. Wayo wenyewe haukuwa na alama ya kucha, kwa kuwa chui akitembea huzificha. Mambo hayo nilifundishwa na Baba. Yeye alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye kihamba, shamba la nyumbani, kaka zake wakienda mjini kutafuta maisha. Kwa hiyo alibaki na ng'ombe, kahawa, bibi yetu, na mbuzi wa Krismasi.

Huyo mbuzi lazima niwaeleze. Mchaga popote alipo, Desemba hurudi nyumbani, na akirudi lazima akute beberu aliyenona. Wetu alifungiwa bandani mwaka mzima, akila majani mabichi na maganda ya ndizi, mpaka manyoya yakawa yanang'aa. Baba mkubwa, kaka yake Baba aliyekuwa na gari na tumbo huko Dar, akipiga simu alikuwa anamuulizia beberu kabla ya kutuulizia sisi.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, Baba mkubwa na familia yake walifika jioni, na kesho yake ilikuwa siku moja kabla ya Krismasi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Wageni walikuwa wamelala bado. Baba alimtoa beberu bandani akamfunga kwenye mgomba ili afanye usafi, nami nikawa nimesimama kando na ndoo. Nikasikia msumeno. Nikawaza, nani huyu anayepasua mbao mapema hivi?

Chui alitoka kwenye mibuni, tumbo likikaribia kugusa ardhi. Hakuwa na haraka hata kidogo, mpaka alipokuwa na haraka. Alimdaka beberu kooni akamng'ang'ania hivyo hivyo, bila kumtikisa, hadi miguu ikaacha kurusha teke. Kisha akainua macho akatutazama. Masikio yalilala nyuma, na ncha ya mkia ilikuwa inachapa majani.

Baba alikuwa na panga. Akaliweka chini.

Nakumbuka lile panga kwenye majani. Nakumbuka mikono yake miwili imenibana kwenye koti lililonuka samadi na moshi, nami nikichungulia chini ya kwapa lake. Alirudi nyuma polepole, akiwa ameinamisha uso. "Haya, nenda, mama," akamwambia chui kwa upole, kama anavyosema na ng'ombe. "Nenda na mzigo wako." Chui akamweka beberu katikati ya miguu yake ya mbele, akainua kichwa, akamburuta hadi ng'ambo ya korongo.

Kelele za Mama ziliamsha nyumba nzima. Baadaye tulimwona beberu wetu ananing'inia kwenye panda ya mti wa mringaringa, juu kuliko paa la nyumba. Vijana wa Baba mkubwa walikwisha kushika mapanga na kukusanya mbwa. Baba akakataa katakata kuwaonyesha njia ya kushukia korongoni.

"Huyo ana watoto, nimeona matiti yake," akasema. "Mkimjeruhi, nyinyi Januari mnarudi Dar. Sisi tunabaki naye."

Mchana wanaume walikaa uani kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nami nilikuwa nazungusha kata. Baba mkubwa akaniita.

"Wewe binti ulikuwepo. Hebu tuambie ukweli. Baba yako alifanya nini na panga?"

Baba alinitazama. Nilikuwa na hasira naye, nilitaka baba wa kurusha panga, nikajibu kwa sauti ili wote wasikie, "Aliliweka chini."

"Aisee!" Baba mkubwa akapiga paja. "Mdogo wangu kampisha chui kama mtu anavyompisha mkwe wake njiani!"

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Baba naye akatabasamu kidogo, akamalizia mbege yake. Tangu siku hiyo aliitwa Mpisha-Chui, sokoni na kanisani, na alipoitwa aliitika. Shuleni mimi nikawa binti wa Mpisha-Chui. Niliona aibu ya kufa mtu. Jumapili nilitembea nyuma yake, mbali, ili nisionekane nimekuja naye. Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni nilishangilia, na likizo nyingine niliomba nibaki kwa shangazi mjini. Baba aliniruhusu kila mara, hakuuliza sababu.

Krismasi iliyopita nilikuwa jikoni kwa Mama tukimenya ndizi za mtori, mwanangu akaja mbio na habari aliyoipata kwa binamu zake. Eti Babu aliwahi kumwogopa chui? Nikacheka, nikamwambia ni kweli, mimi mwenyewe niliona.

Mama akaacha kumenya. "Uliona nini wewe? Uliitupa ndoo ukatimua mbio, mgongo kwa chui. Mimi nilikuwa mlangoni hapa. Chui akakuacha? Alishamwachia mbuzi, ameshainuka kukufuata. Baba yako angekudaka na panga mkononi akukate? Alilitupa, akakukamata, akasimama katikati yenu." Akashika tena kisu. "Alinikataza kusema."

Nilimkuta Baba bandani akiwapa ng'ombe majani. Nikamwamkia mara ya pili siku hiyo.

"Baba, kumbe siku ile nilikimbia."

"Ulikuwa mtoto."

"Sasa kwa nini hukuwaambia? Uliacha wakucheke miaka yote hii."

Akatandaza majani vizuri, ng'ombe mdogo naye afikie. "Ningesema nililitupa panga ili nikukamate, wangesema wewe ndiye uliyewakosesha nyama ya Krismasi. Ungeitwa jina mpaka uolewe. Mimi nilishaoa."

Akacheka kidogo. Mimi sikuweza. Siku ile uani aliponitazama nilidhani ananiomba nimfichie. Kumbe alikuwa ananichungulia usoni, aone kama nakumbuka nilivyokimbia. Alipoona sikumbuki, akatulia akamalizia mbege yake.