Macho Hayapimi Kolesteroli

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef wa maabara, mkuu wetu, hakunionyesha darubini. Alinipa sinki lililojaa mirija ya kioo na brashi yenye mkia mrefu. Nilikuwa nimetoka shuleni na diploma mpya, hapa hapa Bukavu, na nilitarajia makubwa zaidi. Aliniona nimenuna, akacheka.

"Diploma umekuja nayo, petit. Mikono utaitafutia hapa."

Jioni, tukivua makoti meupe, aliniambia jambo jingine: "Laboratoire haina mawazo yake. Iko na kipimo, ao iko kimya. Hakuna ya tatu." Nilidhani ni mzee anayependa kusikika.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana ninyi vijana wa maabara wa leo mnabonyeza kitufe na karatasi inatoka. Sisi tulimtoa mgonjwa damu, tukaiacha igande, kisha tukaitia kwenye santrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi mpaka chembe nyekundu zikae chini. Juu hubaki maji ya manjano, ndiyo seramu. Tone la seramu tulilichanganya na reaktifu, yaani dawa inayobadili rangi ikikutana na kitu unachokitafuta. Kwa kolesteroli rangi huwa ya waridi, na hukolea kadiri kolesteroli ilivyo nyingi. Kolorimetre, chombo kinachopitisha mwanga, ndicho kilichotusomea ukolezi huo. Reaktifu ilikaa kwenye friji.

Kolesteroli yenyewe si sumu. Ni aina ya mafuta kama nta, na ini huitengeneza kwa sababu mwili unaihitaji. Husafiri ndani ya damu kwa wachukuzi wawili. Mmoja huipeleka mwilini na, ikizidi, huiacha ikigandamana kwenye kuta za mishipa. Wa pili huokota iliyozagaa na kuirudisha kwenye ini. Mshipa ukizibwa moyoni, mtu huanguka. Na tazameni: mtu huyo anaweza kuwa mwembamba kama fimbo, maana wengine hurithi ini linalozidisha.

Nilipelekwa Mumosho miaka michache, kwenye kituo cha afya ambako nilipima malaria na minyoo tu. Kisha nikarudishwa mjini. Chef alipostaafu, kiti chake nikapewa mimi. Vita vilikuwa vimeshaingia mji wetu mara ya kwanza, na vya pili vikafuata upesi. Barabara zilifungwa, shehena hazikufika, umeme ulikatika siku nzima-nzima. Friji ikawa kabati la moto. Reaktifu ya kolesteroli iliharibika, nyingine haikuja.

Nilipaswa kumwambia médecin directeur, daktari mkuu wa hospitali: hatupimi tena. Sikumwambia. Nilikuwa Chef mpya, na niliona haya kuanza uongozi wangu kwa neno "hatuna". Tena wagonjwa walikuwa wamepita vizuizi vya wenye silaha ili watufikie. Nilidhani kumrudisha mtu mikono mitupu ni ukatili. Basi nikaanza kutazama. Seramu ikiwa nyeupe kama maziwa, niliandika "imepanda". Ikiwa safi, niliandika "normale", yaani kawaida, na nambari ya kufanana na neno hilo.

Ninyi mliosoma mnajua ujinga uliokuwamo. Weupe ule ni mafuta ya chakula cha karibuni. Aliyekula brochette, yaani mishikaki, saa mbili kabla, seramu yake huchafuka. Kolesteroli haichafui kitu. Inaweza kujaa ndani ya seramu inayong'aa kama asali iliyochujwa. Mimi nilijua hayo. Nilifundishwa, na nilifaulu mtihani wake.

Ndipo akaja Mwalimu Murhula wa Mudaka. Baba yake na kaka yake mkubwa walikufa ghafla kabla ya uzee. Docteur wetu wa magonjwa ya ndani alishuku kolesteroli ya kurithi, akamtuma kwangu. Docteur alikuwa na vidonge vichache vya kushusha kolesteroli, akiba ya wale wasioweza kusaidiwa na chakula peke yake, na alingoja matokeo ndipo aamue.

Mwalimu alikuwa ameagizwa asile tangu jana yake, naye alitii. Alifika kwa miguu, mwembamba, mcheshi.

"Papa Laborantin, toa damu pole-pole. Iko kidogo, batoto ya shule banakunywaka ingine kila siku."

Nilipomfunga mpira mkononi niliona vipande vya manjano kwenye kope zake, vimeinuka kidogo kama nta iliyodondoka. Ni alama ya kolesteroli iliyozidi siku nyingi. Niliviona. Lakini seramu yake ilitoka safi kuliko zote asubuhi ile, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa tupu. Nikaandika "normale".

Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja.

"Kumbe nilikuwa naogopa bure. Nitaiweka mu Biblia, bibi yangu, mama ya batoto, ajionee."

Docteur naye aliisoma. Vidonge alimpa mgonjwa mwingine.

Miezi michache baadaye Mwalimu alianguka ubaoni, chaki mkononi. Hakufika hospitali. Nilizisikia habari nikiwa kwenye foleni ya maji, nikatoka kwenye foleni nikaenda nyumbani na ndoo tupu. Sikumwambia mtu.

Reaktifu zilirudi hatimaye, ndani ya sanduku la barafu, na wiki ileile mjane wake akaja. Anaitwa Maman Nsimire. Alimleta binti yao, Neema, wa miaka kumi na sita.

"Weye ndiye ulipimaka baba yake," alisema. "Alikusifu sana. Nataka mupime na huyu, moyo wangu utulie."

Nilimfunga Neema mpira mkononi, nikamtoa damu. Nilipima kwa haki, nikarudia. Mara zote mbili rangi ilikolea hadi nikaogopa kuitazama. Niliipeleka karatasi mwenyewe, nikasimama mbele ya docteur na mama yake Neema.

Docteur alikunja uso. "Haiwezekani. Mtoto wa miaka hii, na baba alikuwa normale? Reaktifu yako iko na shida. Ngoja ingine ikuje, tutaangalia tena."

Niliona wazi kwamba ile karatasi ya uongo ilikuwa bado inafanya kazi. Ilikuwa imempeleka baba kaburini, na sasa ilisimama mlangoni kumzuia mtoto.

"Docteur," nilisema, "hii ni kweli. Ile ya baba yake sikupima. Hatukuwa na reaktifu. Nilitazama tu mrija."

Maman Nsimire alinitazama, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

"Ulitazama," alisema.

"Ndiyo, maman."

Siku ya pili yake alirudi peke yake, amebeba Biblia. Aliitoa karatasi, akaiweka juu ya meza yangu. "Andika vile ilikuwa." Nikafuta nambari kwa mstari, nikaandika: *Haikupimwa*. Nikatia sahihi ya kukoroga.

"Jina lote," alisema. "Lisomeke."

Nikaliandika lote. Aliirudisha ndani ya Biblia, akaondoka bila kuniaga.

Médecin directeur alinivua uchef, na alifanya haki. Nilirudi kwenye sinki la mirija, kisha kwenye damu ya malaria, hadi nilipostaafu. Neema alipewa vidonge. Docteur alimfundisha pia kula maharagi na mboga za lengalenga, avoka, yaani parachichi, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kupunguza mawese na mafuta ya nguruwe, na kutembea kila siku. Mambo hayo ni mema kwa kila mtu na yanasaidia sana, nami nawahimiza muyashike. Ila kwa aliyerithi, chakula hutembea pamoja na dawa, hakichukui nafasi yake. Na ni kipimo tu kinachoweza kukuambia wewe uko upande gani.

Kama reaktifu imekwisha, wanangu, andikeni imekwisha. Mgonjwa atasikitika, atarudi na mwili wake. Mimi nilimnyima Mwalimu masikitiko ya siku moja.

Neema sasa ni mama wa watoto wawili, na kope zake ni safi. Sikumwomba aje kwangu, alianza mwenyewe. Akipimwa hupitia nyumbani kwangu, hajaketi, ananinyooshea karatasi.

"Papa, hii balipima kweli?"

Navaa miwani, naisoma, namrudishia.

"Karatasi haiwezi kuniambia, mwanangu. Twende tukaulize."

Kisha tunapanda kilima kwa miguu, yeye mbele, mpaka kwenye dirisha la maabara.