Mgeni wa Kampuni

Tangu tumzike mume wangu, mchimbaji, nilikuwa nangoja kampuni yake itume mtu aje kutupa pole. Juzi, hapa Nyasubi, nikasikia kelele kwenye kibanda cha gemu cha jirani: "Mgeni wa kampuni kaingia!"

Nikajifunga kanga safi, nikabeba wali na kuku, nikapiga goti mlangoni.

"Karibu mgeni. Asante kwa kuukumbuka msiba wetu."

Vijana wakageuka kunitazama. Mwenye kibanda akaonyesha televisheni, ambamo jitu lilikuwa likirusha mateke.

"Mgeni ndiye huyo, Mama Kulwa. Ni mhusika wa kampuni nyingine ya gemu, ameazimwa aje kupigana kwenye gemu hii."

Nikabaki nimepiga goti, sinia mkononi. Akazima televisheni.

"Pole sana, mama. Huyu hali chakula. Turuhusu tumkaimu."