Rangi ya Kromu na Ukungu wa Asubuhi

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na huenda maneno mengine nimeyakosea. Wala mimi si mzee. Lakini mwanangu ameanza kusimama kwa kushika ukuta, nami nataka akikua ayakute haya yameandikwa, yeye na wengine watakaoshika kazi ya rangi.

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ukungu ulikuwa umeshuka Lushoto hata nyumba ya jirani haionekani. Unasikia jogoo, unasikia mtu anakohoa barabarani, lakini humwoni. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha kupulizia rangi, na mbele yangu nimepanga vipande vya gari, Pijo ya zamani: bampa mbili, grili na fremu za taa. Vilikuwa vya Mzee Salehe, mkulima wa Mlola. Gari hilo ndilo alilomchukulia mkewe siku ya harusi yao. Sasa mjukuu wao alikuwa anaolewa Jumamosi, na bibi alikuwa ameomba kitu kimoja tu: binti apande gari lile lile, liking'aa kama siku ile.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilishapiga msasa, nikapaka nyeusi ya kung'aa, ikakauka mpaka unajiona uso. Ilibaki rangi ya kromu, ile inayofanya bati chakavu lionekane kama kioo. Rangi hiyo ni nyembamba kama pumzi. Haitaki kuguswa, haitaki unyevu. Fundi aliyenifundisha kazi alinikanya mapema, kwa hiyo nilijua.

Mzee Salehe akaingia, kofia imelowa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hujaanza? Unasubiri bibi harusi azeeke?"

Nikacheka kidogo, nikatazama chini.

"Au ukungu huu utaleta shida?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa umri wake ametoka Mlola gizani, ana haraka, mimi nimwambie asubiri? Nikasema, "Hapana, babu. Hauna shida."

Nikapuliza. Kwa muda mfupi, mwanangu, nilidhani naota. Bampa iligeuka maji yaliyotulia. Ndani yake niliona mlango, kofia ya mzee, na ukungu wenyewe ukitembea taratibu, kana kwamba milima yote imeingia ndani ya chuma. Mzee akanong'ona, "Ni siku ile ile." Kisha picha ikaanza kufifia. Uso wake ulipotea kwanza, halafu mlango. Ikabaki rangi ya majivu, kama sufuria la zamani. Na grili hivyo hivyo, na fremu za taa.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, babu. Niliona haya kukukatalia."

Akavua kofia, akaikung'uta maji. "Ulinipa shikamoo nzuri, nikaitikia. Halafu ukaniacha nitumbukie shimoni huku unaniangalia. Heshima gani hiyo? Mimi rangi siijui, najua kabichi. Ukija shambani kwangu kupanda siku mbaya nitakukatalia, hata uwe mkuu wa wilaya." Akakaa juu ya ndoo. "Haya, sema wewe. Mimi nitafuata."

Nikamwambia tushuke Mazinde, chini bondeni, kwenye jua na hewa kavu, nianze upya. Grili na fremu za taa zitawahi. Bampa ni kubwa, hazitawahi kromu, nitazirudishia nyeusi tu.

"Nyeusi?"

"Nyeusi, babu."

Akavaa kofia yake, akasimama. "Basi. Bibi yako nitamwambia mimi."

Tukashuka. Jua la Mazinde lilifanya kazi yake, nami yangu. Jumamosi asubuhi, tulipokwisha kufunga vipande kwenye gari nyumbani kwao, bibi alilizunguka taratibu. Akainama mbele ya taa, akajitazama kwenye fremu, akatengeneza mtandio wake. Kisha akageukia bampa.

"Na hizi je? Zimevaa buibui?"

Watu wakacheka, mzee akacheka kuliko wote, na bibi harusi akapandishwa.

Mwanangu, msalimie mkubwa, mpishe njia, mpokee mzigo. Lakini akikuuliza jambo unalolijua, mwambie kweli, kwa upole, hata kama unaona haya. Kumwambia hakuna shida wakati unajua ipo, huko ni kumtupa. Mimi bado ni mwoga wa kusema, ila siku hizi nasema.

Mungu akupe mikono mitulivu, akupe na wakubwa watakaokusikiliza.

Nawe unayesoma, kama uliwahi kunyamaza mahali ulipotakiwa kusema, niandikie unieleze ilikuwaje. Nitakujibu, ila nitachukua muda.