Tarumbeta Haikomi Pasta Akiwa Amesimama

Nilizaliwa Marekani baba akiwa masomoni, tukarudi kwetu Kenya, halafu biashara ya vitambaa ikatuleta Johannesburg. Kwa hiyo nilikuwa raia wa nchi mbili, naishi katika ya tatu. Pasipoti ya Marekani mama aliificha chini ya vitenge vyake, akimwomba Mungu isinipeleke popote. Mimi nami nilitaka inipeleke kwenye bendi ya jeshi la huko nikapige tarumbeta. Sikutaka kitu kingine duniani.

Mwaka 2017 wakakubali kunipima kwa video. Chumbani kwetu, mtaa wa Bellevue, haiwezekani: upande huu mtoto analia, upande ule redio ya jirani Mrundi. Pasta wetu, Mkongo mwenye roho safi, akatufungulia kanisa. Mama naye akaja. Hakualikwa, lakini nani angemzuia?

Sasa, kanisani kwetu kuna desturi. Pasta akisimama, tarumbeta hainyamazi mpaka aketi. Kiitikio unakirudia, midomo ikivimba shauri yako. Nimelelewa hivyo tangu utotoni.

Nilianza vizuri, na yule mwanajeshi aliyekuwa akinipima kwenye laptopu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Wimbo wa mwisho niliruhusiwa kuchagua mwenyewe, nikachagua pambio letu. Basi pasta, kwa fahari, si akainuka pale nyuma ya laptopu! Nikafika mwisho, nikarudia. Nikarudia tena. Namkodolea macho: keti baba, nakufa. Naye haketi ng'o, kwa heshima zake anangoja nimalize. Eish, nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Mwishowe mama akamvuta koti, pasta akadondoka kitini, nami nikashusha tarumbeta huku nahema.

Nikajua nimeharibu, kwisha habari yangu. Mwanajeshi akauliza mbona sikuacha. Nikamweleza yote, mpaka habari ya koti. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akasema mtu mwenye pumzi kama hiyo ndiye wanayemtafuta kwenye gwaride. Nimepita. Pasta akaanza kucheza kati ya viti, nami nikaruka nikapiga kelele kama mwehu. Sijawahi kufurahi vile.

Mama tu ndiye hakucheza. Akaniuliza kama yule bwana anamwona. Nikasema anamwona. Akafunga kilemba chake vizuri, akasogea mbele ya laptopu, akaniambia nitafsiri nisipunguze neno.

"Huyu ni wangu," akasema. "Nimekuazima tu."

Nikaanza kutafsiri. Sauti ikanikatika kabla sijafika mbali, machozi yananitoka mbele ya jeshi zima la Marekani, na yule bwana akaningoja mpaka nikamaliza.