Mdiria wa Mama Veronika

Hadi leo naona aibu kupita Nyamyumba. Kwa miaka mingi nilichora mabango ya maduka ya Gisenyi kwa rangi ya mafuta. Mama Veronika, muuza samaki, aliponiomba picha ya mdiria, yule ndege anayezamia samaki, ampe bintiye anayeolewa Bukavu, nilirudia rangi za maji nilizoziacha tangu shuleni. Ndege alipendeza, nami nikajiona bingwa.

Siku ya harusi, huko Nyamyumba, niliifunua picha mbele ya wakwe. Nikaona vumbi. Bingwa nikalowesha kitambaa, nikaipangusa kwa nguvu kama bango, huku nikijisifu, "Rangi yangu haitoki."

Mama Veronika aliitazama karatasi, kisha kitambaa changu kilichogeuka buluu.

"Fundi," akauliza polepole, "ndege wetu yuko wapi?"