Chujio Nililoliweka kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya utafiti ya jeshi nilisainishwa karatasi ya kuahidi kwamba sitasema jambo ambalo nilikuwa bado sijaambiwa. Nilivaa kombati mpya iliyokuwa ikinikwaruza shingo, na cheti changu cha ufundi sanifu wa elektroniki kilikuwa ndani ya bahasha kwapani. Mkuu wa Maabara, Meja mmoja mfupi mwenye sauti ya taratibu, alinisogezea kalamu.

"Afande, nasaini nini?" nikauliza.

"Ukishasaini utajua."

Nikasaini. Nilichokuja kujua ni kwamba palikuwa na kabati la chuma lenye funguo mbili, na kila karatasi iliwekwa humo, hata ile ya zamu za kufagia.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea ufundi sasa, kwa sababu nasikia wengi mnatamani kazi kwenye hizi kampuni zinazoshirikiana na watafiti wa jeshi. Mimi nimeifanya kazi hiyo mpaka nimestaafu. Lakini msitegemee niwaeleze yote yakaeleweka, maana nusu yake sijaielewa mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kinasa mtikisiko. Ni chombo cha ukubwa wa kopo la rangi, chenye mwiba wa chuma chini yake. Unauchomeka mwiba ardhini, chombo kinausikia mtikisiko mdogo kabisa na kuugeuza kuwa umeme, halafu sanduku lililoungwa nacho kwa waya linachambua: huyu mtu, huyu ng'ombe, hili lori. Jeshi lilikitaka kwa ajili ya mipakani. Kwa hiyo miaka yangu ya mwanzo niliimaliza kwa kutembea. Nilitembea na buti, nikatembea peku, nikatembea na ndoo ya maji kichwani, huku Meja akiangalia taa ya sanduku. Ikiwaka ya kijani, chombo kimenijua kuwa ni mtu. Ikiwaka nyekundu, hakuna mtu. Kuna siku ilikaa nyekundu asubuhi nzima nami napita mbele yake, na wenzangu wakanitania kwamba mimi ni mzimu.

Halafu ukaja mkataba wa ushirikiano. Kampuni binafsi ya vifaa vya migodini ilisikia habari za chombo chetu ikakitaka, si kwa mipaka, bali kwa wachimbaji wadogo. Meja alituita akatufafanulia. "Sisi tuna utaalamu na muda, hatuna soko. Wao wana soko, hawana muda." Duara, yaani shimo la wachimbaji, likititia, watu wanaofukua kifusi wanahatarisha maisha yao, kwa sababu kuta zilizobaki zinaweza kuwaangukia na wao. Wanataka kujua jambo moja tu: kuna mtu aliye hai huko chini? Chombo kikisema yupo, wanafukua. Kikisema hayupo, wanaacha. Ndugu zangu, uzito wote wa kazi hii ulikuwa kwenye hiyo taa.

Nikahamishiwa Shinyanga, nikiwa sasa Sajenti. Ofisi ya kampuni ilikuwa mtaa wa Kambarage, kati ya saluni na fundi cherehani. Hapo nikapata bosi wa pili, Meneja wa Mradi, kijana wa suruali ya jinzi aliyewaita wanaume wote "mkubwa" na mimi akaniita kwa jina la mwanangu, Mama Kulwa. Meja aliniandikia barua zenye muhuri wa SIRI. Meneja alichapisha vipeperushi vyenye picha ya chombo hichohicho akavigawa stendi. Nikachanganyikiwa, nikampigia simu Meja.

"Afande, siri ni ipi sasa?"

"Picha si siri, Sajenti. Kilichomo ndani ya sanduku ndicho siri."

Kwa hiyo kila sanduku lilifungwa kwa lakiri ya jeshi, na mafundi wa kampuni walifundishwa kuwasha, kuzima na kuangalia taa basi. Kitabu cha mwongozo wa ndani kilibaki kwenye kabati la funguo mbili, mkoa mwingine kabisa.

Jaribio la kwanza tulilifanya upande wa Kahama, si mbali na mgodi wa Buzwagi, na tuliaibika. Kule kulijaa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zinagonga mchana kutwa. Taa yetu ikawaka kijani bila kukoma. Kwa mujibu wa chombo, chini ya ardhi ya Kahama kulikuwa na umati wa watu. Meneja alinivuta pembeni.

"Mama Kulwa, wateja wamecheka. Ondoa hizo kelele."

Meja alilifikiria kwa siku kadhaa, kisha akaniandikia agizo. "Mashine hugonga sawasawa," alisema kwenye simu. "Binadamu hatembei sawasawa. Weka chujio. Kila kinachogonga kwa mpigo usiobadilika, kitupwe." Chujio ni sehemu ya mpango wa sanduku inayoamua kipi kisikike na kipi kisisikike. Meneja aliliomba, Meja aliliagiza, mimi nililiweka kwa mkono wangu, na lakiri ikafungwa juu yake. Tuliporudi Kahama taa ilitulia. Nikitembea inawaka kijani, nikisimama inawaka nyekundu. Tulipongezana.

Mara ya kwanza kuitwa kwenye ajali ya kweli ilikuwa upande wa Geita. Duara lilikuwa limetitia na mchimbaji mmoja, Masanja, alikuwa chini. Mkewe, Kabula, alikaa kwenye khanga chini ya turubai pamoja na wakwe zake. Tulichomeka chombo sehemu nne tofauti, tukasikiliza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nyekundu. Nyekundu. Nilimwendea mwenyewe, kwa kuwa niliona si haki aambiwe na mgeni wa suruali ya jinzi.

"Kabula mwanangu, kimesikiliza kote. Hakuna mtu." Nikaongeza, ili kumfariji, "Atakuwa alifariki palepale. Hakuteseka."

Hilo la mwisho halikuwa kwenye mwongozo wowote. Nililitoa kichwani.

"Wabeja, mayu," akasema. Asante, mama. Wakaacha kufukua, nami nikasaini ripoti. Sitawaficha: nilisikitika, lakini ndani yangu nilijivuna pia kwamba chombo kimefanya kazi yake na hakuna mwokoaji aliyeumia.

Miezi ilipita, tukaitwa nje ya Segese. Safari hii walikuwa wawili chini, na chombo kilikuwa kimeshasikiliza kabla sijafika. Fundi wa kampuni alikuwa anakunja waya. "Nyekundu, mama," akaniambia. Wachimbaji walikuwa wameanza kuweka sururu chini. Msimamizi wa duara, mzee mmoja wa Kisukuma mwenye vidole viwili vilivyokatika, alinijia.

"Mayu, hiki chombo chako kinasikia nini hasa?"

"Nyayo, mzee. Mtu akijikokota, akisogea."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Sasa aliyefukiwa atatembea aende wapi? Hao hawatembei. Watagonga."

"Kugonga vipi?"

Akaokota nyundo na moko, ile patasi ndefu ya kuvunjia mwamba, akauegemeza moko kwenye jiwe akaanza kugonga. Ko. Ko. Ko. Taratibu, kwa mpigo mmoja usiopanda wala kushuka.

"Ndivyo tunavyofundishana sisi," akasema. "Ukigonga ovyoovyo, walio juu watadhani ni mawe yanaporomoka. Ukigonga sawasawa wanajua huyu ni mtu."

Mtu aliye hai kule chini alifundishwa kugonga kama mashine, na mimi nilikuwa nimekifundisha chombo kuwatupa wote wanaogonga kama mashine.

Nikampigia Meja. Hakupatikana. Afisa wa zamu akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia niandike dokezo la kuomba kibali cha kufungua sanduku, lipitie kwa mkuu wangu. Nikampigia Meneja. "Mama Kulwa, tafadhali, usiliguse," akasema. "Mkataba unasema tukilifungua sisi, tumeuvunja. Mwulize Meja." Nikamwambia Meja hapatikani. "Basi subiri apatikane." Nilisimama pale na simu mkononi, wote wawili wameniambia kitu chenye mantiki, na wake za wale wawili waliofukiwa wananitazama mimi. Nilikuwa nimeapa. Nilijua pia kwamba naweza kupoteza cheo, na kazi.

"Nipeni bisibisi," nikasema.

Nilivunja lakiri mbele za watu wote. Skrubu mbili zikapotelea kwenye vumbi. Nikaagiza karasha zote za jirani zizimwe. Wenye karasha wakazima bila ubishi, maana kule wote wanajuana. Nikaliondoa chujio, nikachomeka spika za masikioni, nikafumba macho.

Ko. Ko. Ko.

Nilimvisha yule mzee spika zile. Alisikiliza kidogo, akapiga kelele kwa Kisukuma, na zile sururu zikanyanyuliwa zote kwa pamoja. Waliwatoa wawili hao kesho yake asubuhi, wamejaa vumbi, mmoja mguu umevunjika. Wazima.

Meja alikuja mwenyewe. Alikaa mbele yangu pale ofisini Kambarage na faili tupu.

"Sajenti, umevunja lakiri ya jeshi."

"Ndiyo, afande."

"Na watu wamepona."

"Ndiyo, afande."

Alifungua kalamu. "Sasa niandike nini?"

"Sijui, afande."

Hakuandika kitu. Mpaka nastaafu sikupata barua ya onyo wala ya pongezi. Chujio lilibadilishwa, sanduku likafungwa kwa lakiri nyingine, vipeperushi vikachapwa upya.

Lakini mimi sikutulia. Kila tuliposikiliza mahali, sanduku lilihifadhi faili la sauti, pamoja na zile lilizozitupa. Nilitaka faili la Geita, la duara la Masanja. Niliiomba maabara, ikajibu kwamba kwa mujibu wa mkataba rekodi za kazi za machimboni ni mali ya kampuni. Nikaiomba kampuni, ikajibu kwamba chochote kilichomo ndani ya sanduku ni siri ya jeshi, na yenyewe haina ruhusa ya kukishika. Niliandika tena, nikaandika tena. Kila upande ulinijibu kwa heshima na kunielekeza upande wa pili. Nilistaafu nikiwa bado nasubiri.

Mtaniuliza basi nawashauri nini kuhusu huo ushirikiano. Ni mzuri, watu wawili wa Segese wanatembea kwa sababu yake. Ila kabla hamjaamua chombo kitupe nini, nendeni mkamwulize atakayekuwa chini ya ardhi. Sisi tulikuwa na maofisa, wahandisi na wanasheria wa pande mbili, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza mchimbaji. Nami nimo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Kabula. Siku hizi anaishi Kambarage kwa kaka yake, anauza karanga. Nilimkuta uani anazimenya kwenye ungo. Aliniamkia kwa furaha, akanivutia kigoda, akasema hajasahau kwamba niliacha shughuli zangu nikaenda kumsikiliza mume wake. Nilishindwa kuivumilia shukrani ile. Nikamweleza yote: chujio, mpigo, lakiri, faili lisilo na mwenyewe.

Vidole vyake viliacha kumenya. "Mayu, unaniambia aligonga?"

"Sijui kama aligonga. Nakuambia kwamba hata angegonga, nisingesikia."

Alikung'uta maganda kwenye khanga yake.

"Nilimlilia kama mtu aliyekufa palepale," akasema. "Ndivyo ulivyoniambia. Sasa nianze kumlilia upya?"

Akalitazama rundo la karanga, akanitazama mimi, kisha akausogeza ungo ukawa katikati yetu. Sikuelewa kama amenisamehe au amechoka tu kumenya peke yake, na sikuthubutu kuuliza. Nikaanza kumenya.